Wanaokosa kwa Nidhamu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ilianza jana jioni na muhula umeanza leo asubuhi, kwa hiyo nimeingia kazini na viatu vilivyojaa maji.

Vishikwambi kumi na viwili vilikuwa vinanisubiri ofisini, kila kimoja na hedifoni zake za rangi ya chungwa. Watoto ninao ishirini na wanne, wote wa miaka mitano, kwa hiyo tutakwenda kwa zamu mbili. Mtoto anabonyeza picha yake, somo linafunguka, sauti inamwambia: hesabu bata hawa, kisha chagua jibu. Majibu ni matatu. Jibu la kwanza analogusa ndilo linalohesabiwa.

Sauti hiyo ni yangu. Mradi uliotuletea vishikwambi hivi unataka kila shule isikie sauti ya mwalimu wake mwenyewe, ndiyo maana Desemba nilifungiwa siku tatu katika kichumba chenye magodoro ukutani, nikamsomea fundi sauti sentensi mia nne na kumi na mbili. Sijaisikiliza kazi ile zaidi ya dakika moja. Sauti yangu ikitoka nje ya kichwa changu huwa kama mtu nisiyemjua aliyevaa nguo zangu.

Masharti ni haya. Mwisho wa muhula wastani wa darasa ufike asilimia sitini. Ukifika, vishikwambi vinabaki na mimi nabaki, maana mwajiri wangu ni mradi. Usipofika, vinakwenda shule nyingine, nami nakwenda nyumbani. Nimelisoma sharti hilo mara sita. Sijawahi kupata chini ya themanini katika jambo lolote nililopimwa, kwa hiyo siogopi. Naogopa kidogo.

Mwalimu Mkuu, mama mtu mzima ambaye anafundisha darasa la pili kwa chaki na vizibo vya soda tangu kabla sijazaliwa, alisimama mlangoni akavitazama vishikwambi kwa muda.

"Vizuri," akasema. "Vikipigwa chafya, vinaoshwa?"

Jumanne, 5 Machi

Watoto wanaviita simu kubwa. Walijua kuviwasha kabla sijamaliza kueleza namna ya kuviwasha.

Ijumaa, 8 Machi

Asilimia hamsini na nane kwa wiki ya kwanza tu. Nimeandika namba hiyo kwa wino mwekundu na kuipigia mstari.

Nimeanza pia kuwajua. Yupo mvulana anayetembea mikono nyuma, akikagua madawati kama mtu aliyekuja kuzindua daraja. Wenzake wanamwita Mheshimiwa, hata mama yake amekubali. Yupo pia msichana tunayemwita Swali. Leo ameniuliza mvua inajuaje kwamba imefika chini.

Nilimjibu kwa maelezo kamili kuhusu nguvu ya uvutano. Alinisikiliza kwa huruma.

Jumatano, 13 Machi

Paa linavuja juu ya kabati. Ndoo.

Ijumaa, 15 Machi

Hamsini na mbili. Si kitu. Wiki ya pili watu huzoea na kulegea.

Ijumaa, 22 Machi

Arobaini na moja.

Naishi kwa mama mdogo, fundi cherehani, na sebule yake ndiyo kiwanda chake. Nilipoingia alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Uso huo umeutoa wapi?" akasema bila kuzidondosha. "Mteja akikuona hapo mlangoni atadhani nimeharibu nguo yake."

"Watoto wameshuka, Mama mdogo. Kumi na saba nzima."

"Wameshuka toka wapi? Ni watoto, wako chini tangu walipozaliwa."

Nikamweleza wastani ni nini. Akanieleza kwamba mimi nilianza kutembea nikiwa na miezi tisa na nikaanza kununa nikiwa na kumi.

Jumatatu, 25 Machi

Jambo la ajabu. Wakiwa na hedifoni wanacheka. Wanacheka kimyakimya, mabega yanatikisika, mmoja anamgusa mwenzake, kisha wote wanainama tena. Nikatazama kioo cha Swali: amekosa. Kioo cha Mheshimiwa: amekosa. Wanakosa na wanacheka.

Nimesimamisha somo nikawaambia kukosa si jambo la kuchekesha. Nikawaambia mtu akikosa anatakiwa ajiulize kwa nini. Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Wana sauti nzuri wakiitikia pamoja.

Jumanne, 26 Machi

Nimechukua kishikwambi kimoja nyumbani nikafanya masomo yote kumi na mawili, toka mwanzo hadi mwisho. Nimepata yote. Sauti inasema "vizuri sana," nyota inatokea, bata wanaogelea. Hakuna hitilafu.

Basi hitilafu iko darasani.

Ijumaa, 29 Machi

Ishirini na saba.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika jambo ambalo sitalisema kwa mdomo. Leo, watoto wangu walipokuwa kwa Mwalimu Mkuu kwa saa moja ya michezo, nilipita dirishani kwake. Alikuwa amemwaga vizibo mezani. Mheshimiwa, ambaye wiki hii hajapata hata swali moja la bata kwangu, alikuwa anavipanga vitatu vitatu kwa kidole kimoja na kusema: "Vimebaki viwili, hivi si vya mtu." Vilikuwa kumi na saba. Kumi na saba kwa tatu, vinabaki viwili. Ana miaka mitano.

Kwake wanajua. Kwangu hawajui. Nimejaribu kuona maelezo mengine na nimeyakosa: anawaambia vishikwambi havifai. Mtu aliyefundisha kwa vizibo miaka yote hiyo hawezi kufurahi kuona kioo kinafanya kazi yake. Sasa naelewa kwa nini aliulizia chafya.

Asubuhi nilimwamkia kwa adabu zote. Jioni nikapita upande wa pili wa uwanja, kwenye matope, nisikutane naye.

Ijumaa, 5 Aprili

Kumi na tisa. Mvua haijakatika tangu Jumanne.

Jumatatu, 8 Aprili

Ndoo mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Kumi na moja.

Afisa wa mradi ameniandikia. Nampa jina la Bwana Asilimia, kwa sababu katika barua ya mistari minane ameandika neno hilo mara saba. Atakuja Jumanne, tarehe 14 Mei, "kujionea hali na kufanya uamuzi." Anaomba niandae maelezo. Maelezo sina.

Nimelala chali nikitazama dari la mama mdogo na kuwaza kwamba pengine mimi ni mtu anayejua kujifunza tu. Kwamba kipaji changu chote kilikuwa kukaa upande ule wa dawati.

Jumatano, 17 Aprili

Mwalimu Mkuu amenikuta stoo nikilia. Nilikuwa nimeinamia daftari la matokeo, nalo limelowa. Alivuta kiti kibovu, akakaa, akachukua daftari, akavaa miwani.

"Hizi alama za kukosa ni zipi?"

"Hizo nyekundu."

Akafungua kurasa kadhaa polepole. Nilikuwa najiandaa kumwambia ukweli wangu wote kuhusu vizibo na sumu anayowatia watoto. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Mwanangu," akasema, "hawa hawabahatishi."

"Shikamoo?" nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Marahaba. Sikiliza. Mimi maisha yangu yote nimesahihisha watoto wasiojua. Mtoto asiyejua anakosa kwa fujo. Anakosa mbili, anapata moja, anakosa nne, anapata mbili, na ukimuuliza umepataje anakutazama kama wewe ndiye umemwibia. Kubahatisha nako kuna baraka zake. Sasa tazama Mheshimiwa. Kosa, kosa, kosa, kosa, mpaka chini. Hakuna hata moja aliloliangukia. Hawa watoto wanakosa kwa nidhamu."

Akanirudishia daftari na leso yake, akaenda kupiga kengele.

Nimekaa pale stoo nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Kipimo cha wiki kina maswali ishirini, na kila swali majibu matatu. Asiyejua kitu, akibonyeza akiwa amefumba macho, atapata sita au saba katika ishirini. Kukosa yote ishirini kwa bahati ni jambo la mara moja katika mara zaidi ya elfu tatu. Mheshimiwa amefanya hivyo wiki tatu mfululizo. Swali, wiki mbili. Ili ukose yote, lazima uyajue yote.

Nilisoma takwimu chuoni miaka miwili na nikapata alama ya juu. Mwalimu Mkuu ameisoma kwa kurasa nne na miwani iliyofungwa uzi.

Na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kwenye matope nisimwone. Naandika hili ili nilione.

Alhamisi, 18 Aprili

Watoto walipoondoka nilifunga mlango, nikavaa hedifoni, nikafungua somo la bata. Bata wanne. Majibu: tatu, nne, sita.

Mkono ulikataa. Ni kweli kabisa, kidole kilisimama juu ya "sita" na hakikushuka. Nikagundua kwamba katika majaribio yangu yote, nyumbani na hapa, sijawahi kubonyeza jibu lisilo sahihi hata mara moja. Kwa nini ningebonyeza? Nalijua lililo sahihi. Na wao kule mradini, wakaguzi na mabingwa wao, nani kati yao angekaa ahesabu bata wanne na kuandika sita?

Nikabonyeza sita.

Sauti yangu ikasema, "Hapana, jaribu te—" halafu ikacheka.

Ilicheka hasa. Ilianza kwa kukoroma kidogo, kama mtu anayejizuia kanisani au msikitini, kisha ikaachia, ikapanda juu, ikaishiwa pumzi, ikamalizia na kakilio kadogo ka furaha, "ai jamani." Sekunde sita. Nikabonyeza tena. Ikacheka tena. Nimekaa pale nikakosa maswali kumi na tisa, na kila mara yule mwanamke aliyevaa nguo zangu alicheka kama vile ndiyo mara ya kwanza.

Nakumbuka siku ile. Ilikuwa siku ya tatu, saa tisa alasiri, hatujala. Nilipofika kwenye "jaribu tena," tumbo la fundi sauti liliguruma, likaguruma kwa muda mrefu, likapanda na kushuka kama pikipiki inayokataa mlima, naye akawa ananitazama kwa uso wa mtu asiyehusika. Tukarudia sentensi ile vizuri baadaye. Bila shaka aliweka faili lile la kicheko, akaliacha la pili.

Nilitoka nikiwa nimeloa, kwa mvua na kwa mengine. Mama mdogo alipofungua mlango nikamwambia, "Watoto wanakosa ili wanisikie nikicheka."

Akaacha kushona. "Wewe?" akasema. "Ulicheka lini?"

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwita Mheshimiwa pembeni. Mazungumzo yetu nayaandika yalivyo.

"Mheshimiwa, hapa kuna bata wangapi?"

"Wanne."

"Mbona ulibonyeza sita?"

Akaweka mikono nyuma. "Ukibonyeza nne anasema tu vizuri sana."

"Nani?"

"Dada yako wa ndani." Alinieleza kwa uvumilivu. "Anafanana sauti na wewe, lakini yeye amefungiwa. Siku ya kwanza alikuwa na huzuni. Vizuri sana, vizuri sana, hivyohivyo tu. Halafu Swali akakosa kwa bahati mbaya, na dada akacheka. Swali akatuambia."

"Kwa hiyo mnakosa makusudi."

"Hatukosi, mwalimu," akasema, na nikaona nimemkwaza. "Tunamfurahisha. Wewe si ulisema tusaidiane?"

Niliwahi kusema. Wiki ya kwanza, nikiwa nimesimama, kwa sauti ileile.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimewaomba darasa zima wachague majibu ya kweli. Nimewaeleza kwa nini ni muhimu. "Ndiyo, mwalimu."

Jumanne, 23 Aprili

Wamekosa yote.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimempigia fundi sauti. Alicheka, kisha akakumbuka tumbo lake, akaacha kucheka.

"Kukitoa kicheko ni dakika tano," akasema. "Lakini bila saini ya afisa siruhusiwi kufuta hata chafya. Na afisa yuko safarini mpaka aje kwenu. Dada, niseme ukweli?"

"Sema."

"Nilikiacha nikijua. Nilisikiliza yote mawili, nikaona lile la pili limekauka. Nikasema nani atalisikia, wataalamu hawakosi."

Nimemwambia amenigharimu kazi. Amesema anasikitika sana, na tumbo lake pia.

Jumanne, 30 Aprili

Nimecheka darasani. Swali aliuliza kama konokono akichoka na nyumba yake anaweza kuihama akaipangisha. Kilinitoka kabla sijajipanga, na kile cha kukoroma mwanzoni na kile cha "ai jamani" mwishoni, vyote. Watoto ishirini na wanne wakanitazama, wakavitazama vishikwambi, wakanitazama tena.

"Kumbe mnafanana," akasema Mheshimiwa.

Ijumaa, 10 Mei

Asilimia tisa. Mvua inapungua. Sijui nitamwambia nini.

Jumanne, 14 Mei

Naandika yote.

Bwana Asilimia alifika saa tatu kamili. Nilimtarajia mkali, kumbe ni mtu mpole, mwenye mwavuli uliokunjwa vizuri na viatu ambavyo, kwa namna isiyoelezeka, havikuwa na tope. Alikaa kwenye kiti cha mtoto kwa sababu vingine havikuwepo, magoti yakamfika kifuani.

"Mwalimu," akasema, "asilimia tisa."

"Ndiyo, bwana."

"Tisa."

"Ndiyo."

"Shule iliyo juu yenu ina arobaini na nne. Nimekuja na fomu ya kuhamisha vifaa, na sitaki kuijaza. Nisaidie nisiijaze."

Mwalimu Mkuu alikuwa amejileta, akasimama karibu na ndoo. Nikaweka ile bahasha mezani. Hesabu haina aibu, nikaifuata.

"Bwana, majibu ni matatu. Mtu asiyejua kitu angepata ngapi?"

Akafikiri kidogo. "Thelathini na tatu."

"Kuku akidonoa kioo angepata thelathini na tatu. Sasa wangu wana tisa. Kuku anawashinda."

"Unasema darasa lako halifikii kuku," akasema taratibu, "na unalisema kama utetezi."

"Ili mtu ashuke chini ya kuku, lazima alikwepe jibu. Na huwezi kulikwepa usilolijua."

Nilimwona akishika kalamu, akaanza kuhesabu pembeni mwa fomu, na midomo yake ikawa inasogea. Nikajua nimempata kwa upande wake, kwamba ni mtu ambaye namba humwingia kuliko maneno. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Kwa karatasi umenishinda. Nionyeshe kwa mtoto."

Nikamwita Mheshimiwa. Alikuja mikono nyuma, akamtazama mgeni, akatazama viatu vyake, akaridhika. Nikachomoa hedifoni ili sote tusikie.

"Fanya kama kawaida yako," nikamwambia.

Akafanya. Ishirini kwa ishirini, bila haraka, bila kugusa hata moja la kweli, na kicheko changu kikajaa darasa mara ishirini. Kwenye cha nne watoto walikuwa wamelala juu ya madawati. Kwenye cha nane Mwalimu Mkuu alijifunika uso kwa kanga. Nilisimama katikati nikisikia masikio yanaungua, nikatamani paa lile liachie maji yote kwa pamoja.

Bwana Asilimia hakucheka. Akainama. "Sasa, kijana. Unaweza kupata yote?"

Mheshimiwa akamtazama kama mtu aliyeombwa kufagia barabara. "Yote?"

"Yote."

"Hata ya samaki?"

"Hata ya samaki."

Akashusha pumzi. Akafanya ishirini chini ya dakika mbili, kidole kikigonga kama muhuri wa karani, vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana, na alipomaliza akarudisha kishikwambi mezani. "Tumemaliza? Inachosha."

Hapo ndipo Bwana Asilimia alipocheka. Nami nilidhani yameisha. Ndiyo yalikuwa yanaanza.

"Mwalimu, unajua ulichokipata?" Alikuwa amesimama, kiti kidogo kimemng'ang'ania nyuma. "Kila siku tunatafuta kitu cha kumfanya mtoto arudi kwenye somo. Nyota, nyimbo, wanyama. Wewe unacho. Tukihamishe. Tukiweke upande wa jibu sahihi, na tusikiweke hapa tu, tukipeleke shule zote ishirini na moja, mwakani mia mbili. Wastani utapanda mpaka tisini. Wewe saini tu, na nafasi yako ni ya kudumu."

Alikuwa ananipa kila nilichokitaka tangu tarehe 4 Machi. Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Bwana," nikasema, "leo wanakosa ili mtu acheke. Kesho watapata ili mtu acheke. Bata wako wapi hapo?"

"Bata watahesabiwa."

"Watabonyezwa. Siku kicheko kikizoeleka tutatafuta kikubwa zaidi, na kingine baada yake. Mashine zijazo zitamjua kila mtoto anapenda kicheko gani, zimpe hicho, na mtoto wa shule ya mia mbili atadhani kuna mtu anamchekea. Hawa walikosa kwa sababu walidhani kuna mtu ndani ana huzuni. Walikuwa wanamsaidia. Siwezi kuwauzia hilo kama nyota." Nikaongeza, kwa sauti ndogo, "Sauti niliisaini. Kicheko kiliniponyoka."

Akakunja fomu, bila kuijaza na bila kuichana, akaiweka mfukoni.

"Nitafikisha maoni yako. Siahidi kitu."

Alipoondoka Mwalimu Mkuu akaniletea chai. "Umeongea kama mtu aliyekwisha kupata kazi nyingine," akasema.

"Sijapata."

"Najua. Ndiyo maana nimezidisha sukari."

Ijumaa, 17 Mei

Kimya.

Alhamisi, 23 Mei

Kimya. Jua saa nzima. Watoto walikwenda kulitazama.

Jumatatu, 27 Mei

Mwalimu Mkuu ameniomba nimfundishe kuwasha kishikwambi. Kilipowaka akabonyeza jibu lisilo sahihi moja kwa moja, bila kusita hata kidogo, akacheka pamoja nacho. Nami nimemwomba vizibo. Nimejifunza kwamba huwa anavimwaga mezani bila kusema kitu na kusubiri. Nimedumu sekunde arobaini bila kueleza. Amesema si mbaya kwa mwanzo.

Jumatano, 29 Mei

Bwana Asilimia amepiga simu saa nne, nikiwa nimeshika ndoo. Nimeiweka ndoo chini na kusimama kandoni mwake kama askari.

Kicheko kitatolewa. Wastani wa muhula huu hautahesabiwa, watoto watapimwa upya. Vishikwambi vinabaki.

"Na mimi?"

"Ndiyo nafika huko." Akakohoa. "Masomo haya yalikaguliwa na watu kumi na wanne kabla hayajaletwa kwenu. Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyebonyeza jibu lisilo sahihi. Wote wana shahada."

"Hata mimi."

"Najua. Tunahitaji mtu wa kukosa. Mtu wa kukaa na kila somo kabla halijafika kwa mtoto na kulikosa kwa kila namna, na kuandika kila kinachoharibika. Siku mbili kwa wiki kwetu, tatu darasani kwako. Una moyo wa kukosa, mwalimu?"

Nilimwambia nitajifunza.

Mama mdogo aliposikia aliweka mkasi chini. "Yaani umesoma miaka kumi na sita uajiriwe ukosee," akasema. "Na mimi nimekaa hapa nakosea bure." Kisha akanikumbatia, na pini moja ikanichoma begani.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho ya muhula. Masomo mapya yamefika ili niyajaribu, na nimeona nianze mapema. Nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kifuani. Watoto walikuwa nje, matope yamekauka, wanakimbizana. Mheshimiwa pekee alibaki, mama yake amechelewa, akaja kusimama nyuma yangu.

Samaki saba. Nikabonyeza saba.

"Mwalimu," akasema.

"Nimejisahau."

Swali la pili, nikafumba macho na kubonyeza popote. Nikapata. Akatikisa kichwa. La tatu, nikaamua nibonyeze la kushoto daima, liwalo na liwe. Nikapata.

"Wewe unabahatisha," akasema. "Hivyo siyo." Akazunguka mbele yangu, akaweka mikono nyuma. "Usiogope. Kwanza ulijue la kweli. Ukishalijua, uliache hapohapo, uende kwa jirani yake."

Nikahesabu samaki kwa kidole, mmoja mmoja, kama wanavyohesabu wao. Walikuwa watano. Nikahakikisha. Nikaiona ile tano kule kulia, nikaiacha. Nikabonyeza nane, na kwa kuwa mkono ulikuwa umepata ujasiri, nikabonyeza na mbili kabla sauti haijajibu.

Samaki wakasimama. Kioo kikapepesa, kikawa cheusi, na kishikwambi chote kikazima kwenye mapaja yangu.

Tukakitazama wote wawili.

"Hapo sawa," akasema Mheshimiwa. "Sasa andika."